Kurefusha mawasiliano ya mitambo: kutoka waya wa Modbus hadi fiba na redio

Fundi akiambiwa mita za maji zinapotea kwenye skrini ya chumba cha udhibiti, mara nyingi wazo la kwanza ni kuagiza ripita, kifaa kinachopokea ishara na kuitoa upya. Mimi naiweka ripita karibu na mwisho wa orodha. Laini ya RS-485 (kiwango cha kutuma data kwa jozi ya nyaya) inayokatika-katika kwenye mita 600 kwa kawaida haina tatizo la umbali, maana kiwango chenyewe kinaruhusu kama mita 1200. Tatizo lake ni namna ilivyofungwa, na ukiweka ripita katikati ya laini iliyofungwa vibaya unabaki na laini mbili mbovu badala ya moja.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mradi wa maji. Chumba cha udhibiti kipo kwenye mtambo wa kusafisha maji. Nyumba ya pampu iko mita 700 kutoka hapo, chini kando ya ziwa, ina draivu za mota (vifaa vya kudhibiti kasi yake), mita za mtiririko na vipima shinikizo. Tangi liko kilimani, kilomita 4 kwa mstari ulionyooka. Vifaa vyote vinazungumza Modbus RTU, lugha ya maswali na majibu ya vifaa vya viwandani, juu ya RS-485. Kiwanda cha sukari au cha saruji kina majengo tofauti, lakini hatua ni hizi hizi.

Chora, kisha pima kebo yenyewe

Chukua karatasi uchore kila kifaa kilipo, anwani yake ya Modbus, na kebo inapita wapi. Usipime umbali kwa jicho wala kwa ramani ya simu. Kebo hupanda kwenye trei, hushuka kwenye paneli, huzunguka jengo na kuachiwa mviringo wa akiba kila kituo. Mita 700 za ramani zinaweza kuwa mita 900 za kebo. Ganda la kebo nyingi limechapwa namba za mita, kwa hiyo soma namba ya mwanzo na ya mwisho, toa, na jibu unalo.

Kwenye mchoro huo huo onyesha umeme wa kila jengo unatoka wapi na ethi yake, yaani muunganiko wake na ardhi, iko wapi. Utalihitaji hilo baadaye kuliko unavyodhani.

Jua mipaka ya mfumo ulio nao

Kila mfumo una mipaka yake, na namba hizi zinafaa kubandikwa ndani ya mlango wa paneli.

RS-485 hufika kama mita 1200 kwa kasi isiyozidi kilobiti 100 hivi kwa sekunde, na inabeba mizigo 32 ya kawaida kwenye kipande kimoja cha laini, mzigo ukiwa kipimo cha jinsi kifaa kimoja kinavyoielemea laini. Vifaa vingi vya siku hizi vina mzigo wa moja ya nane, hivyo kwa umeme tu vinaweza kufika 256 kwenye kipande kimoja, ila anwani za Modbus zinaishia 247. Mwongozo wa Modbus wenyewe ni mwangalifu zaidi: mita 1000 kwa baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde.

PROFIBUS DP, mfumo mwingine wa viwandani, umbali wake hubadilika kulingana na kasi. Hadi kilobiti 93.75 unapata mita 1200, kilobiti 187.5 mita 1000, kilobiti 500 mita 400, megabiti 1.5 mita 200, na kuanzia megabiti 3 hadi 12 ni mita 100 tu. Resista zake za mwisho wa laini, zinazozuia mwangwi wa ishara, zinahitaji umeme kutoka kwenye kifaa kilichopo mwishoni. Fundi akizima kifaa hicho kwa matengenezo, laini nzima inaanza kuyumba na watu wanatafuta kosa mahali pengine.

CAN, mfumo unaotumika sana kwenye magari na mashine, ni habari tofauti kabisa. Kwa megabiti 1 inafika mita 40, kwa kilobiti 125 mita 500, kwa kilobiti 50 kama mita 1000. Vifaa vyote lazima vione biti ile ile ndani ya muda wa biti hiyo hiyo ili vishindanie zamu ya kusema, kwa hiyo ripita ya kawaida haiongezi umbali. Inaongeza ucheleweshaji tu, na ucheleweshaji ndio adui. Kwa CAN unapunguza kasi, au unaweka daraja linalopokea ujumbe mzima na kuutuma upya upande wa pili.

Etheneti ya shaba ni mita 100, mita 90 za kebo ya kudumu na 10 za pachi kodi. Ipo pia Etheneti ya jozi moja ya nyaya, 10BASE-T1L, iliyopitishwa mwaka 2019, inayofika mita 1000 kwa megabiti 10. Ni nzuri sana kwa viwanda, lakini angalia kwanza kama vifaa vyako vinaijua.

Multimita kabla ya manunuzi

Zima umeme wa vifaa vyote vya laini. Pima ukinzani kati ya waya A na waya B, zile nyaya mbili za data. Laini sahihi ya RS-485 ina resista ya omu 120 kila mwisho, mbili tu. Zikiwa sambamba zinatoa omu 60, na hiyo ndiyo namba wanayoikariri mafundi. Ukipata 120 kwenye laini fupi, resista moja haipo. Ukipata 40, ziko tatu: kuna mtu amewasha swichi ndogo ya resista kwenye kifaa cha katikati.

Lakini kwenye laini ndefu namba 60 hutaiona, na hapa wengi hupotea. Shaba nayo ina ukinzani. Waya wa AWG 24 (kipimo cha unene wa waya) una kama omu 84 kwa kilomita, kwenda na kurudi omu 168. Kwa mita 700 hiyo ni omu 118 hivi. Ukisimama mwisho mmoja na kupima, unaona resista yako ya 120 sambamba na 118 za waya zilizoungana na 120 ya mbali, yaani 238. Jibu ni karibu omu 80. Kwa hiyo omu 80 kwenye laini ile ya ziwani ni nzima kabisa. Ukiongeza resista nyingine ili “ifike 60”, umeiharibu laini iliyokuwa salama.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha ishara inapungua kiasi gani. Kifaa kikitoa volti 2 upande mmoja, upande wa pili wa mita 700 inafika kama volti 1. Kipokezi kinahitaji milivolti 200 tu. Bado una nafasi kubwa, na ndiyo sababu sikimbilii ripita.

Sasa washa umeme, lakini usimamishe kifaa kikuu, kile kinachouliza maswali vingine vikijibu, kisiulize chochote. Pima volti kati ya A na B laini ikiwa kimya. Ukikuta karibu sifuri, laini inaelea, na kelele yoyote ya mota inaweza kusomwa kama herufi. Dawa yake ni resista mbili za kuishikilia laini: moja inavuta waya mmoja kwenda volti 5, nyingine inavuta waya wa pili kwenda sifuri. Mwongozo wa Modbus unataja kati ya omu 450 na 650. Kwa omu 560 kila moja, juu ya laini ya omu 60, unapata kama milivolti 250 wakati wa ukimya, juu kidogo ya kizingiti cha 200. Ziwekwe sehemu moja tu ya laini, kwa kawaida kwenye kifaa kikuu. Vipokezi vipya vimetengenezwa kuhesabu sifuri kama ukimya na havihitaji msaada huu, ila kwenye mradi wenye vifaa vya miaka tofauti usiwe na uhakika huo.

Kipimo cha tatu ndicho kinachorukwa zaidi. Pima volti kati ya sifuri (terminali ya volti 0) ya kifaa cha chumba cha udhibiti na sifuri ya kifaa cha ziwani, kwa AC na kwa DC, pampu zikiwa zinafanya kazi. RS-485 inavumilia tofauti kutoka volti -7 hadi +12. Majengo mawili yenye ethi tofauti hupita hapo bila shida, hasa mota kubwa inapowaka. Hii ndiyo sababu RS-485 ni nyaya tatu, ingawa kila mtu anaiita ya nyaya mbili. Waya wa tatu unaunganisha sifuri za vifaa ili visitupane nje ya mipaka. Ukikuta mradi uliofungwa A na B peke yake, na kebo ina jozi ya akiba, tumia jozi hiyo kabla ya kununua kitu. Ila kama tofauti uliyopima ni volti nyingi, usiunganishe sifuri hizo kwa waya mwembamba, maana waya huo utageuka njia ya mkondo kati ya ethi mbili. Hapo unatenganisha umeme wa pande mbili, jambo nitakalolifikia kwenye fiba.

Herufi A na B nazo zinachanganya. Watengenezaji hawakubaliani ipi ni chanya. Kifaa kipya kisipojibu kabisa huku vingine vinajibu, geuza nyaya zake mbili. Havitaungua.

Mnyororo, siyo nyota

Kebo itoke kifaa cha kwanza iingie cha pili, itoke hapo iingie cha tatu, hadi mwisho. Ukikuta boksi moja lenye kebo sita zinazotawanyika kila upande, hiyo ni nyota, na kila mkono wa nyota unarudisha mwangwi wa ishara. Modbus inaruhusu tawi lisilozidi mita 20, na mimi napenda chini ya mita moja, yaani kebo iingie na kutoka kwenye terminali za kifaa chenyewe.

Kama nyota imezikwa ardhini na kuifukua ni gharama, kuna kifaa kinachoitwa habu ya RS-485, yaani ripita yenye milango mingi. Kila mlango wake ni kipande cha laini kinachojitegemea chenye resista zake. Hapo ndipo ripita inapofaa kweli hata kwa umbali mfupi.

Punguza kasi, lakini piga hesabu

Ishara husafiri kwenye kebo kwa kama nanosekunde 5 kwa mita. Kwa mita 1200 kwenda na kurudi ni mikrosekunde 12. Kwa baudi 115200 biti moja inachukua mikrosekunde 8.7, kwa hiyo mwangwi unarudi ukiwa umegongana na biti inayofuata. Kwa baudi 9600 biti ni mikrosekunde 104. Mwangwi unarudi na kufa mapema sana kabla kipokezi hakijasoma katikati ya biti. Ndiyo maana laini yenye matawi mabaya hukataa kabisa kwa 115200 na kuishi vizuri kwa 9600.

Kushuka chini ya 9600 kunasaidia kidogo tu, na kuna bei yake. Swali la Modbus la kusoma rejista, yaani namba zilizohifadhiwa ndani ya kifaa, ni herufi 8. Jibu la rejista 10 ni herufi 25. Kila herufi ni biti 11 ukihesabu ya kuanzia, ya usawa na ya kumalizia. Kwa 9600 swali na jibu, pamoja na ukimya wa herufi 3.5 kabla na baada, ni kama milisekunde 46. Ongeza milisekunde 20 za kifaa kufikiri. Vifaa 20 vinaulizwa vyote ndani ya sekunde 1.3. Shuka hadi 2400 na mzunguko huo unakuwa zaidi ya sekunde 4. Kwa kina cha tangi sekunde 4 si kitu. Kwa draivu ya pampu inayofuata shinikizo la bomba ni nyingi mno.

Badala ya kushusha kasi, punguza maswali. Rejista zikipangwa mfululizo unaziomba zote kwa swali moja. Nimeona programu ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) inayouliza rejista moja moja, mara kumi kwa kifaa kile kile, kisha lawama zinaangukia kebo.

Kebo yenyewe

Tafuta kebo ya jozi iliyosokotwa, omu 120, yenye shildi (ganda la chuma la kuzuia kelele), na jozi ya pili au waya wa ziada kwa ajili ya sifuri. Kebo ya CAT5e au CAT6 ina omu 100 na inafanya kazi kama jozi zake ni za shaba. Madukani zipo nyingi za alumini iliyopakwa shaba, na bei yake ndiyo inayowavuta wanunuzi. Kwaruza waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, irudishe. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu wa shaba, na hukatika kwenye terminali baada ya kukazwa mara chache.

Usilaze kebo ya data pamoja na kebo za draivu kwenda kwenye mota. Hizo ndizo zenye kelele kuliko zote kiwandani, kuliko hata kebo za umeme mkubwa unaoingia. Zitenganishe kwa sentimita 30 au zaidi, na zikilazimika kupishana, zipishane kwa pembe mraba.

Kuhusu shildi, mabishano hayaishi. Msimamo wangu ni huu: kama vifaa viko kwenye jengo moja lenye ethi moja nzuri, funga shildi pande zote mbili, maana ndivyo inavyozuia kelele za masafa ya juu. Kama kebo inavuka kwenda jengo lenye ethi yake, funga upande mmoja tu, na anza kutafuta bajeti ya fiba.

Sasa ripita

Ukifika hapa, laini ni safi, na bado kebo inapita mita 1200 au vifaa vinazidi 32, ripita ina kazi. Inasoma ishara ikiwa bado inasomeka na kuitoa upya ikiwa na nguvu kamili. Kwa hiyo iweke kabla ishara haijachakaa. Kwenye mita 1800, weka kwenye mita 900, siyo kwenye mita 1300 kwa kuwa hapo ndipo kuna soketi. Umeme wa ripita ndio mara nyingi unaoamua mahali, na hilo ni jambo la kulipanga mapema: ripita iliyopo katikati ya shamba la miwa inataka nguzo, boksi lisilopitisha maji, na pengine paneli ndogo ya jua na betri.

Kila upande wa ripita ni laini mpya. Resista mbili upande huu, resista mbili upande ule, na resista za kushikilia laini kila upande. Ripita yenyewe inahesabiwa kama kifaa kimoja kwenye kila upande, hivyo unabaki na nafasi 31. Chagua yenye kutenganisha umeme, ambayo mara nyingi imeandikwa volti 2500, na iliyo na swichi za kuchagua kasi au inayoitambua yenyewe. Ikiwekwa kwa 19200 kwenye laini ya 9600, itageuza mwelekeo kabla herufi haijaisha na utaona makosa yasiyo na mpangilio.

Anwani haziongezeki. Laini yenye ripita bado ni laini moja ya Modbus, na vifaa viwili vyenye anwani 7 vitagongana hata vikiwa kilomita mbili mbali.

Jengo hadi jengo ni fiba

Kwa ile nyumba ya pampu ziwani ningeweza kutumia shaba, maana mita 700 zinawezekana. Nisingefanya hivyo. Ethi ni mbili, umeme mkubwa uko karibu, na radi zinapiga. Fiba haibebi umeme, kwa hiyo tofauti ya ethi, kelele za draivu na sehemu kubwa ya hatari ya radi vinaondoka kwa pamoja.

Kuna njia mbili za kuitumia. Ya kwanza ni konvata mbili za RS-485 kwenda fiba, moja kila mwisho. Vifaa vyako havijui kama kuna kilichobadilika. Kwa fiba ya multimodi, yenye kiini kinene, unapata kama kilomita 2, kwa singomodi, yenye kiini chembamba, 20 na zaidi kulingana na konvata. Ni rahisi, inafungwa siku moja.

Ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa mradi unaotarajiwa kukua. Weka getiwei ya Modbus ziwani. RS-485 inabaki ndani ya nyumba ya pampu, mita 30 au 40 tu, na kuanzia hapo data inasafiri kama Modbus TCP, yaani Modbus ya kwenye mtandao wa Etheneti, kupitia swichi na fiba. Laini ndefu imekuwa laini fupi, na laini fupi haisumbui. Faida nyingine ni muda: ukiwa na getiwei tatu kwenye majengo matatu, zinaulizwa kwa wakati mmoja badala ya kupanga foleni, na ule mzunguko wa sekunde 1.3 unashuka. Hakikisha unanunua getiwei inayotafsiri Modbus RTU kuwa Modbus TCP. Kuna vifaa vya bei ndogo vinavyofanana nayo ambavyo hubeba baiti za laini kama zilivyo ndani ya mtandao. Hivyo vinataka programu ya upande wa pili iwe tayari kwa hilo, na hukatisha ujumbe vipande pale mtandao unapochelewa.

Nunua singomodi hata kwa mita 700. Kebo yake haina tofauti kubwa ya bei na multimodi, na kesho mtu atataka kamera na gigabiti. Gigabiti ya 1000BASE-SX kwenye multimodi inaishia mita 550 hata kwenye fiba nzuri ya mikroni 50, na kwenye ile ya zamani ya mikroni 62.5 ni chini ya 300.

Bajeti ya mwanga hupigwa hivi. Tuseme fiba inaendelea hadi kilomita 4. Singomodi kwenye nanomita 1310 hupoteza takriban desibeli 0.4 kwa kilomita, hiyo ni 1.6. Konekta mbili kwa kiwango cha juu cha 0.75 ni 1.5. Maungio manne ya kuyeyusha, 0.1 kila moja, ni 0.4. Jumla 3.5. Moduli ya mwanga inayotoa dBm -9 (desibeli ukilinganisha na miliwati moja) na kusoma hadi dBm -19 inakupa desibeli 10, unabaki na 6.5 za akiba. Usishuke chini ya 3. Upande mwingine wa kosa hili ni kununua moduli ya kilomita 80 “ili iwe na nguvu” na kuifunga kwenye mita 700: mwanga unazidi na kipokezi kinapofuka, au kinaungua. Hapo unahitaji kipunguza mwanga.

Safisha kila konekta kabla ya kuchomeka, hata mpya kutoka kwenye mfuko, na usichungulie ndani ya fiba inayofanya kazi, mwanga wake hauonekani kwa macho. Kama fiba inapita juu ya nguzo, tafuta kebo isiyo na chuma ndani, ile inayoitwa ADSS. Fiba yenye waya wa chuma wa kushikilia huleta radi hadi mlangoni, na chuma hicho lazima kifungwe ethi kabla ya kuingia jengoni. Watu wengi hununua fiba kwa ajili ya radi kisha wanasahau chuma kilichomo ndani yake.

Kama ardhini kuna jozi za zamani za simu zinazofika unakotaka, zipo konvata za Etheneti zinazotumia teknolojia ya DSL zinazoweza kupita kilomita kadhaa juu yake. Ni suluhisho la kusogeza siku, na shaba inabaki kuwa shaba.

Kilimani ni redio

Kuchimba mtaro wa kilomita 4 kupita mashamba ya watu kwa ajili ya kusoma kina cha tangi ni ghali. Redio ya nukta hadi nukta inatosha, mradi antena zionane. Kuonana kwa macho peke yake hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi pana kuzunguka mstari, iliyonenepa katikati. Nusu kipenyo chake kwa mita ni 8.66 mara kipeuo cha pili cha kilomita gawanya kwa gigahezi. Kwa kilomita 4 na 5.8 GHz ni mita 7.2, na kwa 2.4 GHz ni mita 11.2. Asilimia 60 ya nafasi hiyo lazima iwe wazi, yaani mita 4.3 au 6.7 chini ya mstari wa katikati. Mwembe ulio mita 2 chini ya mstari leo ni tatizo la leo, siyo la miaka mitano ijayo.

Upotevu hewani kwa kilomita 4 na 5.8 GHz ni karibu desibeli 120. Redio ya dBm 10 yenye antena za dBi 20 (desibeli za kukuza mawimbi) kila upande inapokea kama dBm -70. Kama kipokezi kinahitaji -85, una akiba ya 15, na hiyo ni afya nzuri. Kabla ya kupandisha nguvu, pata kanuni za masafa hayo kutoka mamlaka ya mawasiliano ya nchi: TCRA kama uko Tanzania, CA kama uko Kenya, au UCC kwa Uganda.

Redio hukatika, hata nzuri. Kwa hiyo PLC ya pampu lazima ijue la kufanya data ya tangi isipofika. Tuma namba inayobadilika kila sekunde chache kutoka kilimani. Namba ikiganda kwa muda uliopanga, pampu isimame au irudi kwenye ratiba salama. Bila hivyo, kina cha mwisho kilichosomwa kitabaki kwenye skrini kama kweli, na maji yatamwagika usiku kucha.

Ukitumia modemu ya simu badala ya redio, usifungue mlango 502, ule wa mtandao unaotumiwa na Modbus TCP, kwenye intaneti. Modbus haina nywila. Yeyote atakayeufikia anaweza kuwasha pampu yako. Tumia VPN, njia iliyofungwa kwa siri ndani ya intaneti, hakuna mjadala.

Radi

Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi Afrika, na dhoruba nyingi juu ya ziwa lenyewe hupiga usiku wakati hakuna mtu wa kuwasha upya kitu. Kila waya wa shaba unaoingia jengoni kutoka nje, uwe wa data, wa antena au wa umeme wa kihisi, uwe na kinga ya mkurupuko pale unapoingia, pande zote mbili. Waya wa ethi wa kinga uwe mfupi na ulionyooka. Kinga nzuri yenye waya wa ethi wa mita tatu uliozungushwa ni pambo. Kwa laini ya data chagua kinga iliyotengenezwa kwa RS-485, kwa sababu ile ya umeme ina kapasitansi inayomeza ishara.

Muda wa kungoja na kurudia

Baada ya kurefusha, rudi kwenye programu. Ripita, getiwei na redio zote zinaongeza ucheleweshaji, na muda wa kungoja jibu uliowekwa milisekunde 100 wakati wa waya mfupi hautatosha kwa redio. Lakini usiuweke sekunde moja kwa kila kitu. Vifaa viwili vikizimwa kwa matengenezo, na programu inajaribu mara tatu kwa sekunde moja, umepoteza sekunde 6 kila mzunguko na waendeshaji watasema mfumo mzima umekuwa mzito. Weka muda kwa kila njia peke yake: kama milisekunde 200 kwa waya, 500 kwa getiwei, sekunde moja au mbili kwa redio. Kifaa kisichojibu kiulizwe mara chache, kwa mfano kila nusu dakika, hadi kirudi.

Jaribio

Mfumo uliojaribiwa pampu zikiwa zimezimwa haujajaribiwa. Hesabu maswali yaliyotumwa, majibu yaliyokuja, na makosa ya CRC (hesabu inayokagua kama ujumbe umefika bila kuharibika), kwa kila kifaa peke yake. Baadhi ya vifaa vina kihesabu cha makosa kinachosomwa kwa kazi namba 08 ya Modbus. Zisome namba hizo kabla, kisha washa pampu zote moja baada ya nyingine, badilisha kutoka umeme wa gridi kwenda jenereta na kurudi, ongea kwenye redio za mkononi karibu na paneli, kisha zisome tena. Acha mfumo usiku mzima, na kama ni msimu wa mvua, ngoja inyeshe.

Makosa yakibaki, kata laini katikati, hamishia resista ya mwisho hapo ulipokata, na ujaribu nusu ya kwanza. Ikiwa safi, tatizo liko nusu ya pili. Endelea kugawa. Ukishafika kwenye kifaa kibovu, andika kwenye ule mchoro wa mwanzo: anwani, ukinzani uliopima kila mwisho, volti za ukimya, swichi ya resista iko wapi, na nguvu ya mwanga au ya redio siku ya kukabidhi. Nakala moja ibaki ndani ya paneli ya ziwani, kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu fundi atakayekuja saa nane usiku hatakuwa na kompyuta yako.